Lorna Pascoe na Maumivu Aliyokataa Kuyaita Madogo

Siku Mama yetu Lorna Pascoe alipokata roho tulikuwepo mumewe Desmond, binti yake Rhonda, mwanawe Colin, mimi Tamsin mke wa Colin na mtoto wetu mapajani, pamoja na Bronte Febey, rafiki wa Mama kwa njia ya simu, ambaye wengi wenu hamumjui.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1954 mjini Zeehan, Tasmania, akasoma hapo hapo, akasomea uuguzi Launceston, na tarehe 4 Machi 1978 akafunga ndoa na Desmond, mchimbaji wa bati, wakajaliwa watoto hao wawili.

Mwaka 2016 aliajiriwa na kliniki moja ya Burnie katika utafiti wa dawa za maumivu kwa wanawake wanaotoa mimba nyumbani kwa vidonge, ambapo baadhi walipewa dawa yenyewe na wengine vidonge vitupu visivyo na dawa vinavyofanana nayo, bila yeye wala daktari kujua nani kapata kipi, na kazi yake ilikuwa kuwapigia simu, akianza kwa maneno aliyofundishwa, kwamba watasikia maumivu kama ya hedhi.

Bronte, mmoja wa wanawake hao, aliyekuwa peke yake kwenye shamba la ng'ombe, alimjibu, "Hedhi ya nani, nesi, ya nyangumi? Mmenipa peremende nyie!" Mama akacheka, naye akacheka, kisha akalia, na Mama hakukata simu mpaka alipotulia, akiamini kabisa kwamba binti wa watu alipewa vidonge vitupu.

Utafiti ulipokwisha na siri ya vidonge kufunguliwa, ikaonekana Bronte alipewa dawa yenyewe.

Tangu hapo, akiendelea kuwapigia simu wanawake wa kliniki, Mama hakutaja tena hedhi, aliwaambia wanawake ukweli na kuwaomba wawe na mtu karibu, akawasihi wakubwa wake wabadilishe karatasi ya maelezo, wakamjibu kila mara, "Lorna, utawatisha wasichana wa watu."

Saratani ya kongosho ilimpata mwaka jana, na usiku mmoja wa siku zake za mwisho, nyumba ikiwa kimya, aliniuliza, "Nani analia?" Nikasema, "Hakuna mtu, Mama." Akasema, "Yupo, mwanangu, mpelekee chupa ya maji moto." Nikaijaza, nikasimama nayo, nisijue niipeleke wapi. Alituaga tarehe 17 Agosti 2023.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, na jirani yetu Arlene aliyetufulia mashuka bila kuombwa. Lala, Mama, simu waachie wengine sasa.

Karatasi mpya, isiyotaja hedhi, ilianza kutolewa kliniki Jumatatu hii, Mama akiwa ameshafariki.