Bwana Chemsha na Milango Sitini na Minne

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Chemsha, alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa tatu wa seremala. Shuleni hakuvuma, ila madaftari yake yalikuwa safi mno. Alihitimu chuo cha afya mwaka 1977.

Alikuwa bwana afya kwa miaka thelathini na mmoja. Kila alipopiga hodi, neno lake lilikuwa moja: chemsheni maji. Alifunga ndoa na mama yetu mwaka 1980, na mama husema kwamba kabla ya posa aliulizwa kwanza kama kwao wanachemsha.

Juni 2016, akiwa amestaafu, ofisi ya maji ilimwomba asambaze tangazo mtaani kwetu: visima vilivyo karibu na kiwanda cha zamani cha betri vimeingiwa na madini ya risasi, maji yake yasinywewe. Watu walimuuliza wafanyeje. Mazoea yana taabu. Nyumba hadi nyumba aliwajibu wachemshe. Siku ya tano mpimaji wa maabara alimweleza kuwa sumu ile haiondoki kwa moto: maji hupungua, sumu hubaki. Baba aliketi kwenye ngazi za ofisi.

Kesho yake alianza upya. Nyumba sitini na nne, na kila mlango aliomba radhi. Wapo waliomcheka. Jirani yetu fundi cherehani, aliyekuwa na kisima uani na akilea mjukuu mchanga, alimwambia, "Miaka yote chemsha, chemsha. Leo hata ya kuchemsha hayafai. Tushike lipi?"

"Kwa vijidudu nilisema kweli, mama. Kwa hili nilikosea."

Alifungiwa mlango. Aliurudia mara nyingi, na aibu ile haikumtoka.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Naye alikunywa maji yale. Daktari hakuweza kusema kama ndiyo chanzo. Alifariki hospitalini tarehe 17 Februari 2024, saa nne asubuhi. Swali lake la mwisho kwetu lilikuwa kama mama fundi amefunga kisima.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja.

Mama fundi, tunajua upo nasi hapa. Alikuulizia. Kwa heshima ya huyu aliyelala, kifunge.

Pumzika, baba. Milango iliyokataa kukusikia tutabisha sisi.