Marehemu Severini Mwalongo, Fundi Aliyewabishia Samaki Hodi

Baba Paroko, ndugu, majirani, na wageni wetu mliotoka Makambako katika baridi hii ya Juni: marehemu aliagiza wasifu wake usomwe wote, usikatwe. Kuna mahali ndani yake ambapo ukoo mzima utainamisha kichwa. Mtuvumilie. Mwenye kukohoa akohoe sasa.

Marehemu Severini Mwalongo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1948 katika kijiji cha Itambolo, wilaya ya Njombe, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Yoramu Mwalongo. Alibatizwa mwezi uliofuata. Mama yake alikuwa mpole kwa mambo yote isipokuwa mlango. Mtoto aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi alirudishwa nje, hata mvua iwe inanyesha, abishe, angoje kuambiwa karibu, ndipo aingie. Severini alirudishwa nje kuliko ndugu zake wote, maana pua yake ilikuwa inafika kwenye chungu kabla ya miguu.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1964. Hesabu alizijua. Kuimba, Mungu amsamehe, hakujua kabisa. Mwalimu wa kwaya alimwomba awe anafungua mdomo tu, sauti abaki nayo mwenyewe. Baada ya shule alijifunza useremala na uhunzi kwa mafundi wa misheni.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika ujenzi wa reli iliyokuwa inakuja Makambako, akawekwa kwenye kikosi cha madaraja. Kazi yao ilikuwa kusimamisha nguzo za chuma mtoni na kuzishindilia kwa nyundo, ile nyundo ambayo ni pande zito la chuma: linavutwa juu kwa winchi, linaachiwa, linadondoka. Huko ndiko alikojua kelele. "Hewani kelele inachoka njiani," alikuwa akisema, "majini haichoki upesi." Alikuwa akitumbukiza ncha ya mti mrefu majini, ncha nyingine akaiweka sikioni, akasikiliza nyundo za kikosi kingine zikigonga mbali mtoni, huku wenzake waliosimama naye wakiwa hawasikii kitu. Walimcheka. Baadaye walikuwa wanaupigania ule mti.

Tarehe 5 Oktoba 1974 alifunga ndoa na Margareth Mgaya katika parokia yetu hii. Siku ya kwenda kuchumbia alibisha hodi kwa wakwe, akajibiwa karibu, naye asiamini, akabisha tena. Mama Margareth anasema alikubali kuolewa ili mtu yule aache kugonga mlango. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Reli ilipokwisha alifanya kazi katika ujenzi wa barabara na madaraja ya serikali hadi mwaka 1993, alipopunguzwa kazini pamoja na wengine wengi. Ndiyo miaka ile ya soko huria: viwanda vinauzwa, mitumba imejaa Makambako, mwenye lori ndiye bwana. Severini alirudi nyumbani akalima viazi. Kwa hiyo mwaka 1997, kampuni moja binafsi ilipokuja kumwita, alivaa viatu kabla hawajamaliza kumweleza kazi yenyewe.

Kazi ilikuwa bwawani kwetu. Wafadhili wa misheni walitaka kinu cha upepo cha kuvuta maji kwenda zahanati na shule. Upepo wa upande huu wa Makambako hauhitaji kutangazwa, lakini miti ya mbao imelizunguka bwawa na inauzuia. Mahali pekee upepo unapopita bila kuguswa ni katikati ya maji. Ikaamuliwa kinu kisimame humohumo, juu ya mabomba manne ya chuma yaliyoshindiliwa chini ya bwawa. Na bwawa hilo lilikuwa na wenyewe. Kikundi cha akina mama, mwenyekiti wake Mama Mektilda, walifuga perege humo. Kwaresima ya mwaka ule walikuwa wameahidi samaki kwa parokia nzima.

Hapo tumsifu marehemu kwanza, maana sifa hizi ni zake kweli. Kabla ya kugonga bomba la kwanza alitaka kujua kelele itafika wapi. Alimweka Mama Mektilda mlangoni pa wodi ya wazazi, mwingine shuleni, mwingine zizini, kila mtu na kanga mkononi: ukisikia nyundo, inua. Akaidondosha nyundo kwa kimo kidogo, halafu kikubwa zaidi, akitazama kanga. Ya wodini iliponyanyuka akaagiza gogo la mti laini liwekwe juu ya bomba ili chuma kisipigane na chuma. Akapatana na mkunga: mama akiwa na uchungu, mtundike kitenge chekundu kwenye mwembe wa zahanati, nami nitasimamisha kazi.

Na samaki? Samaki aliwabishia hodi. Kila asubuhi alianza kwa kugonga polepole, tena kwa kimo kidogo, akangoja, akagonga tena kwa nguvu kidogo, akangoja. Perege wakahamia kule mto unakoingilia, na akina mama wakavuta wavu nyuma yao. Ndipo nyundo ilipopanda juu kabisa. "Hata samaki ana kwake," alisema. "Huwezi kumwingilia hivihivi." Watu walikuja kutazama, wakacheka, wakampenda. Mabomba matatu yaliingia, hakufa hata dagaa.

Tarehe 19 Machi 1997, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa mafundi, walikuwa kwenye bomba la nne. Asubuhi alibisha hodi yake vizuri. Kazi ikaanza, kisha kitenge chekundu kikatundikwa, nyundo ikasimama. Uchungu wa yule mama ulikuwa mrefu. Mchana, bwawa likiwa kimya, Mama Mektilda alifungua wavu akawamwagia samaki pumba palepale walipozoea kula, karibu na chelezo, yale magogo yaliyofungwa pamoja kuelea na nyundo. Mtoto akazaliwa, vigelegele vikasikika hadi bwawani, kitenge kikashushwa. Severini alijua wavu umefunguliwa. Alimwona Mama Mektilda kwa macho yake. Msaidizi wake akamwuliza, "Fundi, tuanze kwa hodi?"

Jamani. Mnajua desturi yetu. Mgeni aliyekwisha karibishwa, akitoka nje kidogo akarudi, habishi tena. Severini akajibu, "Tulishabisha asubuhi." Gogo nalo lilikuwa limepasuka, akasema watalibadilisha kesho, maana mgeni rasmi alikuwa anakuja Jumamosi na kampuni ilimharakisha. Nyundo ikavutwa juu kabisa, ikaachiwa.

Perege walipanda juu wameonyesha matumbo meupe. Akina mama waliingia majini na nguo zao wakilia, wakiwaokota kwa mabeseni.

Asubuhi ileile Sudi, mfanyabiashara wa Makambako aliyekuwa akinunua samaki na viazi vyetu, alikuwa amesimamisha lori lake bwawani, akachota maji ya rejeta na kusuuza pipa. Mtu mmoja alikumbuka pipa lile. Wa pili akasema pipa lilikuwa la dawa ya viazi. Kufika jioni, mkutanoni, Sudi alikuwa ametia sumu makusudi, Mwislamu aliyetuharibia Kwaresima. Sudi alisimama akasema, "Ndugu zangu, pipa lile lilikuwa la mafuta ya alizeti, linuseni." Hakuna aliyenusa. Ndipo akamgeukia Severini: "Fundi, wewe ulikuwepo. Sema basi, nyundo haiwezi kuua samaki?"

Watu wote wakamtazama marehemu. Naye alijua. Alikuwa amejua tangu nyundo ilipodondoka. Akasema: "Nyundo inagonga chuma, haigongi samaki."

Watu wakaangua kicheko. Sudi aliondoka kijijini akizomewa, lori lake likipigwa mawe, na hakurudi kununua tena. Viazi vya watu vilioza ghalani msimu ule, na kikundi cha akina mama kilivunjika. Kinu kilizinduliwa, marehemu akapewa blanketi na mgeni rasmi. Na maneno yake yakawa msemo wetu hapa Itambolo. Mtu akisingiziwa anajitetea nayo, nyundo inagonga chuma. Hata waliosimama nasi hapa makaburini wameusema juzi tu. Kila uliposemwa mbele yake, marehemu alitoka nje.

Blanketi lile hakujifunika, na perege hakumla tena. Kisha ukaja ugonjwa wa vitunguu, kama tulivyouita sisi wanawe bila adabu. Kila mara marehemu alikwenda Makambako, akarudi na kapu la vitunguu ambavyo hakuna aliyemtuma. Vitunguu chini ya kitanda, vitunguu jikoni, vitunguu kwa jirani. Avelina, binti yake mkubwa anayesoma wasifu huu, alimwuliza siku moja, "Baba, unataka kufungua duka?" Akalisukuma kapu chini ya kitanda. Wala sisi hatukujua kwamba genge lile la vitunguu linatazamana na mlango wa Sudi. Alikuwa akisimama pale, akichagua kitunguu kimojakimoja, akiutazama mlango, mpaka mwuza genge achoke naye. Halafu analipia, anarudi nyumbani. Mtu aliyewabishia hodi perege, mlango ule mmoja ulimshinda.

Masikio yake yalianza kufa mwaka 2000, malipo ya nyundo. Mwaka huu moyo nao ukachoka, akavimba miguu, tukampeleka hospitali mjini Njombe. Jioni ya Jumapili tarehe 6 Juni alimwita mkewe na Avelina wasogee, awaambie kwa siri. Akaeleza yote: wavu, gogo, hodi aliyoiruka, Sudi, genge la vitunguu. Maskini baba, alidhani ananong'ona. Kwa uziwi wake alikuwa anapaza sauti, na wodi nzima ilinyamaza ikamsikiliza, manesi wamesimama na sinia za dawa. Mtu aliyeweza kusema kelele itafika wapi hakujua sauti yake mwenyewe imefika wapi. Mama Margareth alitaka kumziba mdomo kwa aibu. Avelina akamshika mkono. Mwisho akasema, "Msome siku ya kunizika. Msinifiche." Alifariki dunia Jumanne tarehe 8 Juni 2004, alfajiri.

Jana tulikwenda Makambako, mjane na watoto, kwa Sudi. Tulibisha hodi. Mkewe, Mama Rukaya, alitufungulia, tukakaa mkekani, tukasema tuliyotumwa, na macho hatukuweza kuyainua. Mzee Sudi alitazama dirishani. Kisha akasema:

"Nilikuwa namwona. Kila akija gengeni nilikuwa namwona kutoka dirishani. Rukaya ananiambia, yule fundi wako huyo tena, mwite. Nasema hapana, mwache abishe mwenyewe. Akibisha tu, yamekwisha. Chai ilikuwa inatengwa, wanangu. Chai inapoa, naye anachagua vitunguu."

Mzee Sudi yupo hapa, amekaa na wanaume pale kwenye uzio. Mzee Sudi, mbele ya Mungu na mbele ya kaburi hili, pipa lako lilikuwa safi. Aliyeua samaki ni baba yetu, na aliyeliua jina lako ni baba yetu na sisi sote tuliocheka. Msemo ule tunaomba uzikwe leo pamoja na mwenyewe. Anayebaki nao aone haya, kama sisi.

Marehemu ameacha mjane, Margareth, watoto wanne, Avelina, Odilo, Stella na Abel, wajukuu sita, na kinu kinachozunguka bwawani, ambacho kila mtu hapa amekunywa maji yake.

Bwana akupe pumziko na amani, baba, mahali pasipo nyundo. Mlangoni kwake usisimame mbali ukijifanya unanunua kitu. Safari hii bisha.