Kaye ya moto ya Mwalimu Lusenge

Wasikilizaji wapendwa wa Butembo na Beni, musogee karibu na poste, redio yenu. Leo tunamukumbuka Mwalimu Ésaïe Lusenge wa Kimemi. Amefariki siku ya yenga, Jumapili. Lusenge, ule wa kaye, daftari yake.

Kaye moja, neno moja: moto. Alianza mwaka tisaini na nane, vita imetuingilia. Kwa Kiswahili, moto ni ya kupikia. Kwa Lingala ya basoda, maaskari, moto ni mutu. Kwa Français, moto ni ile tunapandaka, kipande cha jina refu, motocyclette. Mwalimu aliandika: "Haya maneno hapana ndugu. Kila moja na mama yake."

Issaka, shoferi wa camion wa Beni, alimuchekaka:

"Mwalimu, risasi zinalia, weye uko na moto tu?"

"Uniletee moto ya Kisangani, vile batu ya kule wanaisema. Ukisahau, chai yangu hapana kunywa!"

Issaka alileta. Miaka mitatu, kaye ikajaa. Padri moja aliahidi: barabara ikifunguka, ataipeleka Kinshasa, ifanywe kitabu.

Sasa Agar, binti ya Mwalimu. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Asubuhi moja anauzisha karanga, karatasi ya kufungia inaisha. Akakimbia nyumbani. Juu ya kabati, kaye. Imeandikwa mpaka mwisho.

"Ilikuwa imejaa," Agar anatuambia. "Kwetu kaye yenye kujaa ni ya karanga. Nikapasula."

Saa sita karanga zimeisha. Na kaye imeisha.

Baba yake hakumupiga. Alitoka, akazunguka soko yote, anaomba batu karatasi zao za karanga, zenye kushika mafuta. Akarudi na kurasa kumi na moja. Kumi na moja tu, wapendwa.

Kisha barabara ikafunguka. Padri akakuja kuuliza kaye. Agar alikuwa pale, anafagia.

"Bado ninaandika, mon père," baba akajibu.

Agar akaendelea kufagia.

"Sikumuombaka baba pardon," anasema. "Nilikuwa ninangoja siku yenye kufaa. Miaka ikapita hivi hivi."

Agar, Mzee Issaka, na jamaa yote, pole sana. Matanga iko Kimemi. Mwenye kuwa na karatasi ya zamani yenye alama ya mafuta, na neno moto juu yake, aipeleke kule.

Na weye mwenye kungojea siku yenye kufaa: mutu wako angali muzima? Zima poste kwanza. Enda.