Elieshi Nanyaro, Fundi Aliyefukuza Harufu Ngarenaro

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko shambani, na ninyi mlioko dukani mkingoja wateja, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyekuwa fundi bomba. Nimesema mwanamke, na nimesema fundi bomba. Jina lake Elieshi Nanyaro. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita nyumbani kwake Nkoaranga, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Familia yake imetuomba jambo moja. "Msimsimulie kwa sauti ya msibani," ametuambia mumewe, mzee Aristides. "Yule mama alipenda kucheka. Mkimlilia hewani atakasirika." Basi tunatii.

Elieshi alizaliwa hukohuko Nkoaranga, kwenye migomba na kahawa. Tangu utoto alikuwa na pua kali. Baba yake alipoloweka kahawa kwenye ndoo ili ule utelezi utoke, hakutazama saa. Alimwita binti yake. Elieshi aliinama, akanusa, akasema, "Bado, baba," au, "Itoe sasa hivi, itaharibika." Wala hakukosea.

Usichanani alipata kibarua shamba la maua, Usa River. Wenzake walipenda maua. Yeye alipenda mabomba ya kumwagilia. Bomba likipasuka, Elieshi alishafika, gundi mkononi. Baada ya miaka sita aliacha maua, akapanga chumba cha kazi Ngarenaro, katikati ya karakana za wanaume pekee. Walimcheka. Naye akacheka nao, kisha akatundika kibao chake: "Fundi Elieshi. Nanusa kwanza, nabomoa baadaye."

Sasa sikilizeni kisa kilichompa jina.

Ni miaka tisa iliyopita. Pale Ngarenaro kuna nyumba ya ghorofa moja ya mzee Jamaludin, muuza vitambaa. Chini duka, juu familia. Binti yake, Anisha, alikuwa anaolewa Jumamosi. Wageni walikuwa wanatoka Moshi, Tanga, hadi Nairobi. Na nyumba ilikuwa inanuka. Wasikilizaji wapendwa, siyo harufu ya kujiuliza. Harufu ya maji taka, nzito, imekaa kwenye korido kama mpangaji.

Walikwishamwaga dawa za kila rangi. Walikwishanyonya shimo. Fundi mmoja alitaka kung'oa marumaru ya mabafu yote mawili, wiki ileile ya harusi. Mama wa nyumba, bi Khatun, alikuwa anafukiza udi kuanzia alfajiri. Ikawa sasa nyumba inanuka choo na udi kwa pamoja. Jumatano alimpigia Elieshi simu, akinong'ona kama anayeungama dhambi.

Elieshi akapanda ngazi na begi lake la vifaa. Mzee Jamaludin alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akatazama gauni, akatazama begi. "Niliomba fundi."

"Nimekuja naye, mzee. Yumo humu ndani ya gauni."

Bi Khatun akaangua kicheko, cha kwanza wiki nzima. Lakini Elieshi alimwambia azime udi wote.

"Fundi, nitaaibika!"

"Mama Anisha, wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mficha harufu ataumbuliwa na wageni. Zima, nimsikie huyu adui."

Wakafungua madirisha, wakangoja. Kisha Elieshi akapiga magoti, akafumba macho, akanusa tundu moja baada ya jingine. Sinki la jikoni, hapana. Bafu kubwa, hapana. Mwisho wa korido palikuwa na chumba cha Zahir, kaka yake Anisha, aliyehamia Mwanza mwaka uliotangulia. Kilikuwa na bafu lake dogo, halitumiki. Elieshi aliinamia tundu la sakafuni, akarudisha kichwa nyuma ghafla.

"Ni hapa."

Akawaeleza. Chini ya kila tundu la maji machafu kuna bomba lililokunjwa kama shingo ya bata. Kwenye mkunjo ule maji hubaki. Maji hayo ndiyo mlango. Yanazuia harufu ya shimoni isipande. Bafu lisipotumika, maji hukauka. Mlango uko wazi.

Akaomba jagi la maji. Akamimina, polepole. Baada ya saa moja korido ilikuwa safi. Bi Khatun akamkumbatia. Anisha akapiga vigelegele. Hata mzee akasema, "Haya."

Elieshi alirudi nyumbani akiimba.

Asubuhi ya Alhamisi simu ikalia. Harufu imerudi.

Mzee Aristides anakumbuka vizuri. "Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. Mimi nikajua imemuuma, maana watu walishamsifu. Halafu akaniambia, 'Nimeshusha homa. Malaria sijaitibu.' Akaondoka bila kumaliza chai."

Safari hii mzee Jamaludin hakusalimia. "Jagi lako la maji limekwenda wapi, fundi?"

"Hilo hasa ndilo nililokuja kuuliza, mzee."

Maana maji hayawezi kukauka kwa usiku mmoja. Elieshi alimtuma Anisha bafu kubwa, akavute maji ya choo. Yeye akalaza sikio kwenye tundu la bafu dogo. Anisha akavuta. Tundu likasema: guu, guu, guu. Kama mtu anayemaliza soda kwa mrija. Maji yalikuwa yananyonywa.

"Mzee," Elieshi akauliza, "mlibadilisha paa?"

"Mwaka jana. Mabati mapya."

"Na bomba la hewa lililokuwa limechomoza juu?"

Mzee akatazama juu. Kila nyumba ya namna ile ina bomba linalopanda hadi juu ya paa, ili mabomba ya chini yapumue. Yasipopumua, kila choo kinapovutwa yanatafuta hewa kwingine, yananyonya maji ya tundu la jirani.

Ngazi ikaletwa. Elieshi alikuwa na miaka hamsini na minne. Akavaa suruali chini ya gauni, akapanda. Na aliyeshika ngazi, wasikilizaji wapendwa, alikuwa mzee Jamaludin mwenyewe, kwa mikono miwili.

Ikawa vile alivyodhani. Mafundi wa paa walikuwa wamelikata bomba, wakaliziba kwa gunia, wakapitisha bati juu yake. Elieshi akachomoa gunia, akatoboa bati, akarefusha bomba hadi nje, akalifunika kwa wavu ili ndege wasijenge, akaziba pembeni mvua isipite. Kisha akashuka, akamimina maji upya.

"Anisha! Vuta!"

Tundu likanyamaza. Akavuta tena. Kimya. Wakavuta choo mara saba, nyumba nzima ikiwa imesimama kwenye korido, na kila kimya kilipokuja walishangilia kama timu imefunga bao.

Ijumaa, hakuna harufu. Jumamosi, hakuna harufu. Shangazi wa bwana harusi aliingia, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Biriani hii imeiva." Bi Khatun alilia kwa furaha. Elieshi alikuwa amekaa mezani na familia, kwenye kiti alichovutiwa na mzee Jamaludin. Tangu siku ile, kila mteja wa vitambaa aliondoka na namba ya fundi Elieshi, atake asitake.

Umaarufu ule hakuula peke yake. Alifundisha wanawake saba. Wa kwanza alikuwa Nalepo, kutoka upande wa magharibi wa Meru. "Alinikataza kuona haya," Nalepo ametuambia. "Alisema, harufu si tusi, ni taarifa."

Tulimzika Ijumaa, Nkoaranga. Katikati ya mahubiri, bomba la maji pale wanapopikia lilipasuka. Maji juu kama chemchemi. Kabla hata mtu hajapiga kelele, wanawake saba waliovaa nguo zao nzuri za msiba walisimama kwa mpigo. Nalepo alikuwa ameshavua viatu. Mchungaji akafunga kitabu. "Tusubiri kidogo," akasema. "Mafundi wako kazini." Waombolezaji wakacheka, mzee Aristides akacheka kuliko wote, machozi yakimtiririka.

Kwa mzee Aristides, kwa watoto, na kwa wale mafundi saba: poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Mtaani kwako yupo mtu anayefanya kazi ambayo wengine hawataki hata kuisogelea. Je, unalijua jina lake? Kama hulijui, muulize leo, angali anaweza kulitaja mwenyewe.