Ndoo ya Kome Kwenye Basi la Lemvig

Nawaandikia wenye watoto. Jana kwenye basi la kwenda Lemvig, mzee mmoja alikaa mbele yangu na ndoo ya kome aliowaokota kwenye ghuba ya Limfjord. Mama wa kiti cha pili hakuvumilia. "Baba, si waziri amepiga marufuku? Maji yana sumu."

"Waziri huyo wa chakula, kilimo na uvuvi? Nguruwe wa wakulima wake wachafue maji, halafu mimi ndiye nikatazwe kome?"

"Mgombeze unavyotaka, lakini kome usile."

"Nitawachemsha mpaka wakome."

"Sumu hiyo haifi kwa moto, baba."

"Nimewala tangu utotoni, mbona sijafa?" Wazee wa huku wote husema hivyo. Waliokufa hawapandi basi.

"Na utakula na nani?"

"Na mjukuu wangu, Liva. Anawapenda na siagi."

Yule mama akashika mpini wa ndoo. Wakavutana kimyakimya, abiria tukitazama madirishani, mimi pia. Basi likasimama. Mzee akashuka na ndoo yake, na mtoto mwenye koti la mvua akaja mbio, akaipokea kwa mikono miwili.