Maisha ya Mzee Timazi na Gari Lililoinama Kushoto

Ndugu waombolezaji, mliopata viti na mliosimama, familia imeomba maisha ya mzee wetu yasomwe kama yalivyokuwa, bila kupaka rangi juu ya kutu, kwa sababu hilo ndilo kosa alilowatukania mafundi wenzake miaka nenda miaka rudi, na hatutaki kulifanya leo mbele ya jeneza lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la saruji, mtoto wa nne wa mwashi na mshona magunia, na mama yake alikuwa akiapa kwamba kabla hajajua kutembea alikuwa tayari ananuna kitanda kikikaa upande. Baba yake ndiye aliyempa jina la Timazi, kwa kile kichuma cha kwenye kamba ambacho waashi hupimia ukuta kama umenyooka, na jina likamkaa hata mkewe akasahau lile la kwenye cheti.

Alianza darasa la kwanza Januari 1961, akaishia la nane mwaka 1968, asubuhi alipomwambia mwalimu mkuu mbele ya wanafunzi wote kwamba mguu wake mmoja ni mfupi, jambo ambalo lilikuwa kweli, na ndiyo maana hakusamehewa.

Tarehe 1 Machi 1971 aliajiriwa katika karakana ya malori, upande wa springi na shokapu, akadumu hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2013, na tuseme haki yake, kwa springi hakuwa na mpinzani, alikuwa akisikia lori likipita barabarani anakutajia bushi iliyokufa na mwezi iliyofia. Mafundi wapya aliwaacha wakaze bushi zote gari likiwa juu ya jeki, yeye ameegemea ukuta anakunywa chai, wakimaliza na kunawa mikono ndipo anawauliza, "Sasa nyie, hilo gari huwa linatembea hewani?", kisha anawafungulisha zote upya, kwa kuwa bushi ni mpira, ukiikaza magurudumu yananing'inia, gari likikanyaga chini mpira unajisokota na kupasuka. Somo lilikuwa zuri, ila wengi waliofundishwa namna hiyo leo wanauza mitumba.

Tarehe 14 Agosti 1979 alifunga ndoa na mshonaji wa nguo za kiume, ambaye ndiye mjane aliyekaa hapa mbele, naye aliwahi kusema kwamba siku ya kwanza alipompima kiuno alijua amepata mtu wa kumpima maisha yote, ila hakujua kwamba yeye mwenyewe hatasikilizwa. Walijaliwa watoto watatu, wa kike wawili ambao waliolewa mbali, mbali kwa makusudi, na wa kiume mmoja aliyerushiwa spana akiwa na miaka kumi na moja kwa kukaza nati kinyume, leo ni kinyozi mwenye wateja wake na hagusi hata baiskeli.

Baada ya kustaafu, Mei 2014, marehemu alinunua gari la michezo la Kiingereza la mwaka 1962, la milango miwili, lisilo na paa, alilolikuta nyuma ya kinu cha unga kuku wakitaga ndani yake, magurudumu ya mbele yameingia ndani kama magoti ya mtu aliyebanwa na haja. Alilivua miguu yote minne, akachemsha, akasugua, akabadilisha bushi na mapini, akafungua shokapu zile za zamani zenye mkono wa chuma na kuzijaza mafuta mapya, na springi za mbele akampa azifue mfua springi wa nyuma ya kiwanda cha mbao, ambaye kwa shingo yake ndefu na kazi yake ya taratibu watu wote humwita Kobe.

Hapa tusikilizane vizuri, kwa sababu ndipo msiba huu ulipoanzia. Gari dogo kama lile humsikia dereva, akikaa linashuka upande wake, hivyo springi ya kulia aliitaka ndefu kidogo kuliko ya kushoto, ili yeye akikaa gari likae sawa, na ili asikae ndani muda wote gari likipimwa, alijipima uzito siku moja, akapata kilo tisini na mbili, akajaza gunia la mchanga kilo hizohizo na kuliketisha kwenye kiti cha dereva. Kiti cha kushoto hakikukaliwa na mtu, mkewe alipoomba wafike kwa dada yake aliambiwa, "Mama watoto, ukikaa wewe gari litainama, panda basi," naye akapanda basi.

Lilipokamilika mwaka 2016, kwa miaka mitano gari lilikaa sawa kama maji ndani ya beseni na kuchukua ushindi kila maonyesho ya magari ya kale, mpaka Septemba 2021, mwamuzi alipoweka rula yake juu ya madigadi, marehemu akiwa amekaa kwenye usukani, akamwambia, "Mzee, gari lako linamnong'oneza nani huku kushoto?", na uwanja mzima ukacheka. Upande wa kulia ulikuwa umeinuka kwa upana wa kidole.

Alirudi nyumbani, akaliketisha gunia, akapima, gari likakaa sawa, akatoa gunia, akakaa yeye, likainama, na mtu huyo aliyesikia bushi iliyokufa barabarani akakata shauri kwamba Kobe amempa chuma kigeugeu. Kobe alizifua springi upya, mara tatu, bila kubisha, huku marehemu akimtangaza kila kikao cha wenye magari ya kale kwamba hafai kufua hata springi ya mtego wa panya, wateja wakamkimbia, akabaki anachonga bawaba za mageti. Mkewe naye alishutumiwa kwamba anakalia kile kiti cha kushoto kwa siri.

Mkewe alikuwa akipunguza suruali zake, alizipunguza mara ya kwanza akanyamaza, mara ya pili akasema, "Baba watoto, twende ukaonwe na daktari," akajibiwa kwamba ni yeye anayezitanua kwa pasi, mara ya tatu alimwekea mkanda wa kupimia mezani na kumwambia, "Gunia linakaa sawa, wewe hukai sawa, jipime basi wewe," naye akajibu kwamba mizani ni ya wagonjwa na ya viazi, akatoka kwenda kumtukana Kobe. Hivyo ndivyo ulivyokwenda mwaka mzima, na mshonaji huyu akimwona mumewe anaisha inchi kwa inchi, na hakuna aliyemsikiliza.

Tarehe 3 Novemba 2022 alianguka kwenye karakana yake ya nyumbani, akapelekwa hospitali nyuma ya pikapu ya kubebea mchanga, ambayo shokapu zake zilikufa zamani, na kila shimo alilitaja kwa jina lake. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, kilo sitini na moja, akabisha, akataka karatasi ikunjwe iwekwe chini ya mguu wa mizani, ikawekwa, zikabaki sitini na moja. Akamuuliza daktari, "Kilo thelathini na moja zikitoka upande wa dereva, gari linainuka kiasi gani?", daktari akasema hajui, mkewe akasema, "Upana wa kidole, mzee."

Uvimbe ulikuwa tumboni, na daktari alieleza bila kuzunguka kwamba mwaka uliopita ungeondolewa, sasa umeshasambaa. Kobe alikuja wodini kumjulia hali, akakaa, akasubiri, na marehemu akageukia ukutani na kumwambia, "Ya kulia uliifanya ngumu kidogo," ndilo neno la mwisho alilompa. Alifariki tarehe 22 Januari 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule wa mizani aliyevumilia, majirani kwa pikapu na kwa viti, na wafanyakazi wenzake wa karakana ambao wamekuja kwa wingi, wengine kuhakikisha. Mjane ameagiza jambo moja lisomwe kwa sauti, mbele ya wenye magari ya kale wote waliopo, kwamba springi za Kobe zilikuwa sawa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwamba aliyeharibika ni mume wake na aliambiwa, na kwamba Kobe amekaa safu ya pili, mwenye kazi amfuate kabla hajaondoka.

Pumzika kwa amani, Mzee Timazi, neno hili lilikuwa lako kulisema, umelikataa, tumekusemea.