Mwenzetu Cherono na Shimo la Banda la Pili

Mgeni rasmi, Bwana Afisa wa Leba wa Wilaya. Meneja wetu, Bwana Munene. Wafanyakazi wenzetu wa mabanda yote:

KARIBU

Karibu Kitale, karibu katika kiwanda chetu cha mbegu za mahindi. Wewe tulikungoja. Mgeni aliyekutangulia hatukumngoja. Jumatatu, kabla ya kengele ya chai, mama mmoja alisimama mlangoni mwa banda letu, viatu vimejaa matope. Alisema anaitwa Rispah, ana duka la dawa za mifugo Kanduyi, kule Bungoma. Alikuwa amemwita mwenzetu Cherono Kipruto kwa intavyuu ya kazi, akamwekea nafasi, na Cherono hakufika.

"Afike aje, mama?" mwenzetu Nyongesa alicheka. "Si yuko hapa! Kila asubuhi majina yakiitwa anaitika."

Akageuka, akapaza sauti: "We Cherono! Unatafutwa, bana!"

"Niko," sauti ikajibu kutoka nyuma ya magunia.

Tulienda wote kumleta. Nyuma ya magunia hapakuwa na mtu.

HISTORIA

Sisi ni vibarua. Wengi tumemaliza kidato cha nne, wachache chuo kikuu, na kila mmoja alikuja kuchambua mahindi akisema ni kwa msimu mmoja tu. Kibarua hana likizo. Akikosa siku moja, jina lake linafutwa. Ndiyo sababu tukazoea kuitikiana. Vumbi hutufanya tujifunge leso hadi machoni, na karani anayeita majina husikiliza sauti tu. Mwenzako akienda kutafuta kazi, unamwitikia ili akikosa huko, apate pa kurudi.

Cherono alituaga jioni ya kuamkia siku ya intavyuu. Alisema alfajiri angepitia bandani kuchukua viatu vyake vizuri alivyoficha nyuma ya magunia. Nyongesa alikubali kumwitikia, na siku hiyo akafanya hivyo. Asubuhi iliyofuata, kabla hajafungua mdomo, "niko" ikasikika. Akadhani Cherono amerudi. Sisi tulidhani ni Nyongesa. Basi hakuna aliyemtafuta.

MAFANIKIO

Msimu huu hakuna gunia letu hata moja lililorudishwa. Wakulima kutoka hapa hadi Misikhu watapanda mbegu zilizopita mikononi mwetu. Tungependa kulifurahia jambo hili. Lakini tangu Jumatatu, hakuna hata mmoja wetu anayekula mahindi.

CHANGAMOTO

Nyuma ya magunia kuna shimo la kumwagia mahindi, na mashine huyavuta kutoka chini. Mfuniko wake wa mbao umeoza katikati. Tuliomba mwingine, tukaambiwa tungoje. Mama Rispah alipoondoka tulitafuta pale, tukapata kiatu kimoja cha Cherono kando ya shimo.

Bwana Munene anasema Cherono ametoroka kazi, na kwamba tunayosikia ni mwangwi na njiwa wa darini. Tunaheshimu maelezo hayo. Lakini sasa tumekubaliana asiitikiwe na mtu. Jina lake likiitwa, kila mmoja anaziba mdomo kwa mkono, wenzake wakimwona. Sauti bado inaitika. Imeshuka, kama ya mtu mwenye punje mdomoni. Karani anatia alama, anaita jina linalofuata.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi ya mkataba, ya likizo, ya vitambaa vya pua. Tumeyaondoa. Tunaomba jambo moja: mashine izimwe na shimo hilo liondolewe mahindi yote leo, ukiwa hapa, kabla malori hayajapakia mbegu. Wazazi wake wameshuka kutoka Mlima Elgon. Ndio wale walioketi nje ya geti, maana wamekatazwa kuingia.

Mama Rispah alituambia, "Afisa akija, msiseme 'mfanyakazi mmoja.' Semeni jina lake." Tukamwahidi. Jana Bwana Munene alikata sehemu yote ya Cherono kwa kalamu nyekundu, akasema atakayeisoma asirudi kesho. Mgeni rasmi, tumeisoma.

Mungu akupe moyo wa kutosha kwa kazi ya leo, kisha akufikishe kwako salama.

Ni sisi, Vibarua wa Banda la Pili.

Imesomwa na Waithera Ngige, ambaye tayari amerudisha kitambulisho chake cha geti.